Karai la Babu Maulidi

Kila siku Noela alichota maji kwenye bomba la Babu Maulidi, jirani yao pale Kalangalala. Babu hakumdai hata senti. "Jaza, mjukuu wangu, jaza mpaka juu!" ndivyo alivyomwambia, na mapapai yake yakiiva humkatia kipande kinono.

Jumamosi ile Noela alikuwa na kazi ya shule kichwani. Mwalimu Boaz aliwapa darasa la sita maneno ya kumweleza mtu asiyependa kutoa: mchoyo, bahili, mnyimivu, mkono wa birika. Jumatatu kila mmoja alete sentensi kuhusu mtu anayemfahamu, bila kumtaja jina. Rafiki yake Kudra alikuwa ameshamaliza. Noela hakuwa na mtu.

Nyumbani mama alikuwa hana hata nafasi ya kukaa. Kesho yake Pantaleo, kaka yake Noela, angepata kipaimara, na wageni walikuwa njiani kutoka Ushirombo.

"Bebe, wewe Noela! Nenda kwa babu ukaniombee lile karai kubwa. Letu halitoshi unga wa maandazi."

Karai lenyewe lilining'inia kwenye msumari nje ya nyumba ya babu, halina kazi yoyote. Noela akamwamkia babu, akaomba.

"Marahaba. Karai hilo hapana," babu akajibu.

"Tutalirudisha leo leo, babu. Nitalisugua kwa majivu."

"Nimesema hapana. Chukua sufuria zangu, chukua na mchele uliomo ndani. Karai liache." Aliyasema hayo akitazama pembeni.

Noela akaduwaa. Mtu anatoa mchele, ananyima karai! Sasa huyu ni bahili? Bahili gani anagawa mchele? Mkono wa birika? Na yale mapapai je? Kila neno alilomjaribishia babu lilikataa kumkaa, na kichwa kikazidi kumvurugika.

"Mchoyo tu huyo," Kudra, aliyekuwa amekuja kuchota maji, akamcheka pale uani. "Akienda msikitini, wewe lichukue."

Adhana ya alasiri ilipolia, babu akatoka. Noela alisitasita, akamkumbuka mama yake na wageni wote wale, akalitungua karai.

"Amekubali?" mama akauliza.

"Amekubali," Noela akajibu.

Mama akamimina unga, sukari na mafuta. Alikuwa ndiyo kwanza aanze kukanda, babu akatokea mlangoni, anahema, kofia iko mkononi.

"Mama Pantaleo, toa mkono!"

Akalishika karai, akalipindua. Unga wote chini!

"Babu Maulidi!" mama akapiga kelele. "Roho gani hiyo? Si bora ungetunyima tu, kuliko kumwaga chakula cha watu?"

Noela akaanza kulia. Hakujua amkasirikie nani.

Babu akaketi kwenye kigoda. "Mama, karai hili nilitoka nalo mgodini. Humu ndimo nilimochanganyia zebaki na mchanga ili inase dhahabu. Zebaki ni sumu. Hata ulisugue namna gani, huwezi kuliamini kwa chakula. Wageni wako wangekula sumu."

"Yesu wangu! Sasa kwa nini hukumwambia mtoto?"

"Aibu, mama." Akanyoosha mikono yake, ikawa inatetemeka. Noela siku zote alidhani ni uzee. "Niliishika zebaki kwa mikono mitupu, nikavuta na moshi wake. Daktari ameniambia ndiyo iliyonifanya hivi. Sikutaka watu waniulize. Lakini nimekosea. Ningemweleza, asingelichukua."

Mama akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, kisha akamgeukia Noela. "Wewe si ulisema amekubali?"

"Nilidanganya, mama. Nililichukua mwenyewe. Babu, nisamehe."

"Ulimwona babu yako mchoyo," mama akasema, "ukaishia wewe kuiba na kusema uongo. Na uongo wako ungemlaza kaka yako hospitali."

Babu akataka karai litobolewe, lisije likampendeza mtu mwingine. Mikono haikumruhusu kulenga, kwa hiyo Pantaleo ndiye aliyeshika nyundo. Wakalifunga kwenye mfuko, wakalipeleka kwa bwana afya. Jioni babu akaja na unga wake mwenyewe, na sufuria kubwa mbili, na maandazi yakapikwa.

Jumatatu Noela alisimama darasani mikono mitupu.

"Sentensi yako iko wapi?" Mwalimu Boaz akauliza.

"Nilikuwa na mtu, mwalimu. Nilimjaribishia maneno yote, hakuna lililomkaa." Akamsimulia yote.

Mwalimu akautazama ubao wenye yale maneno manne, akachukua kifutio.

"Sikieni, wanangu. Mtu akikunyima kitu, muulize sababu kabla hujampa jina. Na hata asipokujibu, cha mtu hakichukuliwi." Akaufuta ubao. "Kaa, Noela. Na leo ukienda kuchota maji, mchotee na babu yako, mikono yake isihangaike na ndoo."