Mwezi wa Saba, Usigeuke

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mwezi wa saba, mwezi wa wafu, uandame, na soko la karibu na bandari ya Keelung lilikuwa limefurika watu kama mfereji ulioziba. Mvua ilikuwa inanyesha, kwani Keelung mvua haina ratiba. Katikati ya msukumano ule Lai Kuo-tung alifungua mwavuli wake bila kuangalia, na ncha yake ikapasua tumbo la farasi.

Farasi mwenyewe alikuwa wa karatasi. Alikuwa amebebwa begani na mwanamume mwenye aproni ya buluu iliyokolea, mikono ya shati imekunjwa, vidole vimejaa mikwaruzo ya mianzi.

"Umeua kipando cha mtu," yule mwanamume akasema kwa upole, akichungulia lile tundu. "Sasa marehemu ataenda kwa miguu."

Kuo-tung akaomba radhi, akaomba tena, akaingiza mkono mfukoni kutafuta pochi.

"Acha pochi. Utanishikia gundi."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Yule mwanamume aliitwa Shih Ping-nan, fundi wa vitu vya karatasi vinavyochomwa ili vimfikie aliyekufa: nyumba, farasi, magari, hata miwani. Alikuwa ametoka kwao Tainan kuja kufanya kazi za msimu kwenye kibanda cha kupanga nyuma ya soko. Na bahati ilivyo na mikono mirefu, ni huko huko kibandani Kuo-tung alikokuwa ametumwa na mama yake, akaagize nyumba ya karatasi ya baba, aliyefariki miaka sita nyuma.

Kuo-tung alikuwa ametimiza miaka hamsini mwezi uliopita. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza kwenye ofisi ya bandari, akisoma orodha za makontena. Hakuoa. Mama yake aliwaambia majirani kwamba kijana wake aliwahi kuvunjwa moyo na binti wa Taichung, na majirani wakalisimulia jambo hilo hadi binti yule akapata jina na sura, ingawa hakuwahi kuzaliwa. Kuo-tung mwenyewe alijua moyo wake unaelekea wapi tangu ana miaka kumi na tano, akaufungia kama mtu anavyofunga chumba cha wageni.

Asubuhi ya kutimiza hamsini alijitazama kwenye kioo akaona mtu anayengoja basi. Akapaka nywele rangi nyeusi, nyeusi ya kuchafua kola. Akanunua pikipiki kubwa nyekundu, akaiendesha mara moja hadi mwisho wa mtaa, akarudi akiisukuma. Tangu siku hiyo ilikaa chini ya turubai, ikinyeshewa.

Na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo aliposikia sauti.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, juu ya ngazi themanini za mawe zilizopita kati ya kuta zenye ukungu wa kijani. Alikuwa kwenye ngazi ya arobaini hivi, jua bado halijazama, aliposikia nyuma yake mtu akimwita jina kamili. "Lai Kuo-tung." Haikuwa sauti ya kiume wala ya kike. Ilikuwa kavu, ya karani anayesoma orodha, anayengoja mtu aitikie ili amwekee alama. Aligeuka. Ngazi zilikuwa tupu, zinatiririka maji. Tangu hapo aliisikia kila baada ya siku mbili tatu. Daktari alimchunguza masikio akayakuta mazima.

Mambo hayo hakumwambia mtu, hadi alipomwambia Ping-nan, siku ya tatu ya kushika gundi.

Ping-nan hakucheka. Aliendelea kukunja mwanzi. "Hamsini ndiyo umri wake," akasema. "Wanaanza kuuliza kama upo."

"Nani?"

"Ndugu Wema." Ndivyo watu wa pale wanavyowaita wafu wasiotajwa, ili wasiudhike. "Mtu akikaa kimya sana hapa duniani, kule wanadhani jina lake wamelisahau kwenye orodha."

Mwili ukamsisimka Kuo-tung kuanzia kisogoni. Halafu akaona jicho la Ping-nan linamtania, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka hadi gundi ikamwagika.

Mapenzi ya watu wazima huingia kwa mlango wa jikoni. Walianza kula pamoja mchana, supu ya vipande vya samaki kwenye bakuli moja lenye mpasuko. Kisha zikaja simu. Ping-nan alipiga saa sita kamili kila siku Kuo-tung aliposhindwa kutoka ofisini.

"Umekula, babu wa pikipiki?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na ukuta."

"Mwambie ukuta ana mpinzani."

Kuo-tung akawa anatabasamu mbele ya orodha za makontena, wenzake wakasema mzee Lai kapata dawa. Jioni moja ya mvua kibandani, katikati ya nyumba tupu za karatasi zilizosimama kama mji uliohamwa, Ping-nan alimfuta rangi ya nywele iliyomchuruzikia shingoni kwa kitambaa. Kitambaa kikasimama. Mkono ukabaki. Nje mvua iliwaimbia wote wawili.

Ni siku hiyo Ping-nan alipomwonyesha nyumba ya baba. Ilikuwa kimo cha kiuno, ghorofa tatu, na vigae vyekundu vya karatasi. Kuo-tung aliitambua. Ilikuwa nyumba yao yenyewe, mpaka ndoo chini ya ngazi. Ila nyuma, mahali pa chumba chake mwenyewe, palikuwa na ukuta mtupu.

"Mama yako alinipigia kunielekeza ilivyo," Ping-nan akasema taratibu. "Aliniambia nisisahau chumba cha nyuma, mwanawe anakaa humo. Nikamwambia, 'Shangazi, aliye hai hajengewi.' Akasema, 'Jenga tu, hatoki.'"

Kuo-tung alitazama ukuta ule mtupu hadi macho yakamwuma. Mama yake hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamke mwenye mazoea, na katika mazoea yake mtoto huyu alishahesabiwa pamoja na waliolala.

"Usikijenge," akasema.

"Sikijengi. Lakini na wewe toka humo, A-Tung." Ndivyo alivyomwita, kwa jina la nyumbani, na lilipotoka mdomoni mwake lilikuwa na joto. "Mwambie mama kuwa nipo. Sitaki sherehe wala ngoma. Nataka siku moja nipande zile ngazi mchana, nigonge mlango, nipewe chai."

Kuo-tung akaahidi. Akasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na mwezi wa saba ukaandama, milango ya kuzimu ikafunguliwa, mji ukaingia kwenye miiko yake. Nguo hazianikwi jioni. Mtu hapigwi bega. Hapigi mluzi. Jina kamili la mtu haliitwi hadharani, lisije likanaswa na asiyehusika. Na ukiitwa kutoka nyuma, usigeuke.

Siku ya nane ya mwezi, saa nne asubuhi, Kuo-tung alikuwa sokoni amembebea mama yake kikapu. Mama alivaa gauni lake la zambarau la kutokea na kofia ya mvua. Pembeni yake alitembea Bibi Hsiu-luan, jirani wa ngazi ya chini, mwanamke ambaye habari zilimkaa mdomoni kama jino la dhahabu. Walikuwa wanapita kwenye meza za samaki.

"Lai Kuo-tung."

Kuo-tung akakaza shingo. Mama yake, aliyekuwa amemshika mkono, akakuhisi kukaza kule. "Usigeuke," akanong'ona.

"Lai Kuo-tung." Karibu zaidi, kisogoni.

Kisha mara ya tatu: "A-Tung."

Na hiyo ya tatu ilikuwa na joto. Hakuna mzimu unaoweza kuiga joto lile. Kuo-tung aliijua kama anavyojua kiganja chake. Alijua akigeuka atamwona mtu mwenye aproni ya buluu, pengine ana kitu mkononi cha kumpa. Akamtupia jicho Bibi Hsiu-luan. Akaendelea kutembea.

Saa sita simu ililia.

"Nilikuita," Ping-nan akasema.

"Mwezi wa saba mtu hageuki. Unajua."

"Najua mwiko kuliko wewe, ndiyo kazi yangu. Nilikuwa hatua tatu nyuma yako, nimekuletea mwavuli wako uliousahau. Anayeogopa mzimu haangalii pembeni, A-Tung. Wewe uliangalia pembeni. Uliangalia nani ananiona."

Kuo-tung akafunga mlango wa chumba cha nyuma, mama asisikie.

"Tarehe kumi na tano nitamletea mama yako nyumba yake," Ping-nan akaendelea, na sauti yake ilikuwa imechoka tu, haina hasira. "Kisha nachukua treni ya jioni narudi Tainan, kwa kaka yangu. Nimejenga nyumba za wafu miaka ishirini. Sitaki kuingia kuishi kwenye mojawapo."

Simu ikakatika. Kuo-tung alipiga siku hiyo, akapiga siku sita zilizofuata. Haikupokewa. Bakuli lake la supu mchana likawa na ukuta tu, na ukuta haukuwa na la kusema. Lakini ile sauti ya ngazini sasa ilikuja kila siku, na kila siku ilikuwa imepanda ngazi kadhaa zaidi. Siku ya kumi na nne aliisikia mlangoni pa chumba cha nyuma, amelala chali mchana kweupe akitazama dari. "Lai Kuo-tung," ikasema, kwa uvumilivu mkubwa. Na kilichomtisha ni kwamba mdomo wake ulifunguka wenyewe kutaka kuitikia.

Alasiri ya kumi na tano mtaa mzima ulitoa meza nje. Kuku wa kuchemsha, matunda, wali umechomekwa vijiti vya ubani. Viti vitupu vilipangwa kwa ajili ya wageni, na kando yao mabeseni ya maji na taulo mpya ili Ndugu Wema wanawe uso baada ya safari. Moshi ulishuka chini kwa sababu ya unyevu, ukatembea kati ya miguu ya watu. Maji ya beseni la mama yake Kuo-tung yalikuwa yakitikisika kidogo, ingawa hakukuwa na upepo.

Ping-nan akaja akisukuma mkokoteni, nyumba imefunikwa nailoni. Alikuwa amevaa shati jeupe la safari. Akaitua nyumba mbele ya meza, akamwinamia mama.

"Shangazi, chumba cha nyuma sikukijenga. Unisamehe."

Mama akaizunguka nyumba, akahesabu madirisha. "Na mwanangu akija huko atalala wapi?"

"Siku zake zikifika atajengewa na yule atakayekuwa anaishi naye."

Ping-nan akainama tena, akageuza mkokoteni akaanza kuondoka. Hakumtazama Kuo-tung hata mara moja. Mgongo wake mweupe ukaanza kumezwa na moshi.

Kuo-tung alisimama na vijiti vyake vitatu vya ubani, vinamwunguza vidole. Na nyuma yake, pale palipokuwa na viti vitupu, ile sauti ya karani ikasoma jina.

"Lai Kuo-tung."

Safari hii alihisi pumzi, baridi, kwenye kola. Mbele yake mtu aliye hai alikuwa anaondoka, na nyuma yake kulikuwa na kiti. Majirani wote walikuwa wamenyamaza kwa sala. Bibi Hsiu-luan alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Kuo-tung akavuta moshi mpaka ukamjaa kifua, akafanya jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kulisikia katika mwezi ule.

"Shih Ping-nan!"

Jina kamili, mchana, mbele ya meza za wafu. Mtu aliangusha bakuli. Mama mmoja akamziba mtoto masikio.

"Shih Ping-nan, geuka. Ni mimi ninayekuita. Mama, huyu ndiye. Hakukuwa na binti wa Taichung. Ni huyu."

Mkokoteni ukasimama. Kwa kitambo kirefu ule mgongo mweupe haukusogea, na Kuo-tung akajua sasa uzito wa kuita mtu asigeuke. Kisha Ping-nan akageuka, mwili mzima, polepole, macho yamelowa.

"Nimegeuka," akasema. "Wakinichukua, juu yako."

"Nitakufuata."

"Kwa ile pikipiki? Tutafika tumezeeka."

Kuo-tung akaenda hadi alipo, akamshika mkono watu wakiona. "Nisamehe ile siku. Uliniita mara tatu na ya tatu nikaijua."

Ping-nan akakunja uso. "Niliita mara moja tu, A-Tung."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuuliza zile mbili ziliitwa na nani.

Mama yake Kuo-tung ndiye aliyewakatiza. Alikuwa bado mbele ya ile nyumba, kidole chake kimegusa ukuta mtupu wa nyuma, na ilionekana miaka mingi ikimpita usoni. Bibi Hsiu-luan akajisogeza amwambie kitu, naye akamnyamazisha kwa mkono, bila kumtazama.

"Kuo-tung," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mama anayepanga meza. "Mgeni wako hajala. Panda ukalete kiti nyumbani. Hivi vina wenyewe."

Wakapanda pamoja ngazi themanini, na kwa mara ya kwanza Ping-nan alizipanda mchana. Chini, mama aliwasha moto, na nyumba ya karatasi ikashika, ghorofa kwa ghorofa, bila mtu ndani. Walipofika kama ngazi ya arobaini, sauti ikaita nyuma yao, kavu, bila haraka.

"Lai Kuo-tung." Ikatua kidogo, kama anayegeuza ukurasa. "Shih Ping-nan."

Vidole vyao vikabanana. Hakuna aliyegeuka.

"Umesikia?" Kuo-tung akanong'ona.

"Nimesikia," Ping-nan akasema, huku akipanda. "Wametuandika mstari mmoja."