Anayebisha Nyuma Kushoto

Gari lilikuwa limezimwa, breki ya mkono imevutwa, na mwenyewe, kijana Mihir, ameshashuka anachezea ufunguo mkononi, lakini kule nyuma kushoto likagonga tena. Go. Go. Go.

Fundi Mihayo aliacha kufuta mikono. Gari bovu hugonga likitembea. Likisimama hunyamaza, hata liwe bovu namna gani.

"Umesikia, fundi?" Mihir aliuliza kwa sauti ndogo, kana kwamba hakutaka gari limsikie.

"Chuma kinapoa tu," akajibu Mihayo. Hakuliamini neno lake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka tisini na saba, siku zile milango ya nchi imefunguliwa na magari kuukuu ya Ujapani yanaingia kama nzige. Mihir, mtoto wa Pradip mwenye duka la vitambaa pale Nyamagana, alijiletea kigari cha michezo, chekundu, chepesi, cha viti viwili na paa la turubai, kifupi hata ukikaa ndani magoti yanakusalimia kidevu. Mafundi wa mjini walikibadilishia shokapu za nyuma, wakakibadilishia na bushi zote, zile raba za kwenye viungo, kishindo hakikuondoka. Ndipo wakamwelekeza Kisesa kwa Mihayo, aliyepunguzwa kazi shirika lake la mabasi lilipokufa, akafungua gereji mbele ya nyumba yake. Huyo, walisema, hana mashine ya kupimia, ana sikio.

Sikio alikuwa nalo kweli. Na miezi hiyo lilikuwa na kazi tamu kuliko magari: kila jioni alilitega tumboni kwa mkewe, Evelina. Mimba mbili zilikwisha kutoka. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba, na Mihayo akiusikia moyo wa mtoto unavyokwenda mbio alicheka peke yake kama mwehu. "Injini safi," alimwambia mkewe kila siku. Moyoni alijua kwamba wakiipoteza na hii, hatakuwa mtu tena.

Basi akakianza kigari kwa utaratibu. Alikikandamiza nyuma akaachia: kikapanda mara moja kikatulia, shokapu nzima. Akakiinua kwa jeki, akachomeka mtaimbo kwenye kila mkono wa tairi na kila bushi akitafuta panapocheza. Hapakucheza popote. Akakaza nati za juu za shokapu, akatikisa bomba la moshi, akatoa tairi la akiba na kila kitu kilichokuwa kwenye buti. Hapo ndipo alipokutana na harufu, tope la ziwani lililochanganyika na marashi ya waridi. Zulia la buti lilikuwa limelowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

"Imebaki dawa moja," alisema. "Mimi nilale kwenye buti, wewe uendeshe. Sauti kama hii humwogopa mtu wa mbali, wa karibu haimfichi kitu."

Heri sisi wanene, kazi kama hizo hazituhusu. Mihayo alikuwa mwembamba. Akajikunja mle ndani, Mihir akafunga. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi.

Wakashika barabara ya vumbi iendayo ziwani. Mwanzoni alisikia changarawe tu ikipiga chini, na yeye gizani akihesabu mashimo kwa mbavu zake. Kisha kila shimo likaanza kuitikiwa, go, go, go, mara tatu, kimya, mara tatu tena, na alipopeleka kiganja kuitafuta nati akagundua kwamba bati lilikuwa linagongwa kutoka nje, usawa wa sikio lake, kwa utulivu na adabu, kama anavyogonga mtu mzima aliyefundwa kwao, na marashi yakazidi hadi yakamkaa kooni. Gari likasimama. Go. Go. Go. Akajua ni Mihir amekuja kumfungulia.

"Karibu!" akasema.

Nani asingesema? Msukuma, Mhaya, Mhindi, sote tumelelewa hivyo: mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa huenda zake, na anayesikia hodi huitikia. Ulimi hauna mfupa.

Buti lilifunguliwa baadaye kidogo. "Fundi, unamkaribisha nani?" Mihir alishangaa. "Mimi nilikuwa bado kwenye usukani, ng'ombe wanavuka."

Waliporudi walipita mashimo yaleyale, na kigari kikawa kimya kabisa. Mihir alifurahi nusura amkumbatie fundi. Kisha akakumbuka jambo, akalisema huku akicheka kwa shida. Mwezi uliopita, pale Kamanga, akingoja kivuko, bibi mmoja aliyelowa hadi kiunoni alimwomba lifti.

"Nikamwambia, bibi, viti vimejaa, labda udandie nyuma. Nilitania tu, fundi! Akasema asante. Kugeuka, hayupo."

Alasiri ile ile mlango wa bati wa nyumba ya Mihayo uligongwa mara tatu. Alipofungua hapakuwa na mtu, ila kizingiti kilikuwa kimelowa.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Kashindye, mganga aliyepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikae. Hukuja peke yako." Alinong'ona, ingawa mashine ilikuwa inanguruma. "Ulimwitikia kwenye gari, ameliacha gari amekufuata wewe. Ila nyumbani kwako hajaitikiwa bado. Kila mlango hutaka karibu yake. Akibisha nyamazeni, wewe na mkeo. Mvua zikianza, huenda akarudi ziwani."

"Nakuomba umfukuze, mama. Mke wangu ni mjamzito."

"Aliyekwisha kukaribishwa sina dawa yake, baba." Akamfungulia mlango.

Mihayo alimweleza Evelina yote, na kuanzia siku hiyo nyumba ile haikuitikia hodi. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu umpe jembe. Huyu alikuwa na wiki ya tano na hata mkono wa kulishikia haukuonekana. Kila alasiri alibisha. Jirani yao Justa alikuja kuazima ungo, akabisha, akaondoka akisema kwa sauti kwamba mimba imewatia watu kiburi. Evelina alilia siku hiyo. Alikuwa mtoto wa nyumba ya watu, na neno karibu lilimkereketa kooni. Mihayo naye alihamishia sikio lake mlangoni. Jioni alikaa hapo akilinda, na tumbo akalisahau.

Jumanne moja mlango haukugongwa. Jumatano kimya. Alhamisi mvua ikaanguka, na Mihayo akatoka nayo uani, akainua uso akalia kwa furaha bila aibu. Aliingia ndani akichuruzika maji.

"Ameondoka, Evelina! Ameondoka!"

"Basi njoo usikilize na mwanao," Evelina alisema, amejilaza anacheka. "Siku hizi ana adabu, hapigi mateke ovyo. Anagonga mara tatu, ananyamaza, anagonga tena."

Mihayo alisimama palepale. "Tangu lini?"

"Jumanne. Nikamwambia, karibu baba." Akauona uso wa mumewe, na cheko likamkatika. "Si mlangoni, Mihayo. Nilikuwa hapa hapa kitandani. Yule si mgeni, ni mwanangu."

Mihayo alipiga magoti akapeleka sikio, na kabla halijagusa ngozi marashi ya waridi yalikwisha kumfika, na tope nyuma yake, naye akautafuta ule moyo wa mbio, akahamia kulia, akahamia juu, akashuka, kama alivyotafuta kwa mtaimbo bushi kwa bushi, akiomba kimoyomoyo kipatikane japo kitu kidogo kinachokwenda, na hakikuwapo, palikuwa na maji tu yametulia, hadi alipofika chini kushoto, na pale, ndani ya nyama laini ya mkewe, kwa utulivu na adabu, bati likagongwa. Go. Go. Go.

"Injini safi?" Evelina alinong'ona.

Mihayo hakuondoa sikio. Alikuwa bado anautafuta moyo.