Skrini Nne Zilizopotea Kitale

Wizi uligunduliwa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, na kufikia saa mbili Sajenti Kimaiyo alikuwa amekwisha kumpata mwizi. Angalau ndivyo alivyodhani.

"Ni soja wa lango, afande," alimwambia Inspekta Nakhungu hata kabla hajashuka garini. "Anaitwa Wabwile. Jana kutwa alikuwa peke yake hapa uwanja wa ndege. Tayari yuko seli."

"Amekiri?"

"Bado. Nipe saa mbili."

"Sikupi hata dakika mbili. Usimguse."

Nakhungu alikuwa mwanamke wa Bungoma, miaka ishirini katika polisi, na hakuwa mtu wa kuamini jambo mara ya kwanza. Hata mama yake mzazi akimwambia uji umeiva, angeinuka akaonje. Aliingia ndani ya banda la ndege mikono ikiwa mifukoni, ili asije akagusa kitu.

Ndege yenyewe ilikuwa jeti ndogo ya kampuni ya maua, iliyoundwa mwaka 1978, ya aina inayoruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa ikirushwa kwa saa za sindano za kupimia mwendo na kimo, za mviringo, zilizojaa ukutani mbele ya rubani. Mwezi huo wa Oktoba, 1997, kampuni ilikuwa imeamua kuipa ujana mpya. Fundi aliletwa kutoka Nairobi, akazing'oa saa zote kuukuu, akaweka skrini nne za kisasa zinazoonyesha kila kitu kwa namba. Alhamisi mkaguzi wa serikali angekuja kupanda pamoja na rubani, waijaribu.

Sasa mahali pa skrini palikuwa na mashimo manne.

Fundi huyo, Munene, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ndege akijishika kichwa.

"Ufunguo wa banda unao nani?" Nakhungu aliuliza.

"Mimi, rubani wetu Kapteni Kibiwott, na ule wa soja."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani, halafu hotelini. Waulize. Afande, wiki tatu nimelala chali chini ya hiyo dashibodi. Niibe kazi yangu mwenyewe?"

"Watu wameiba watoto wao wenyewe. Njoo unionyeshe."

Walibanana ndani ya chumba cha rubani. Nakhungu aliwasha tochi akachungulia kwenye shimo la kwanza. Alitazamia kuona nyaya zimekatwakatwa, kama kawaida ya wezi wenye haraka. Wapi. Kila plagi ilikuwa imechomolewa taratibu, mdomo wake ukazibwa kwa utepe usiingie vumbi, kisha ikafungiwa kikaratasi kwa uzi. Kwenye vikaratasi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: KUSHOTO JUU. KUSHOTO CHINI. KULIA JUU. Herufi zilikuwa kubwa, moja tu ikitosha kujaza kidole gumba.

"Na hivi vifundo vilivyovutwa nje ni nini?"

"Fyuzi. Anayejua kazi huvuta fyuzi kwanza, ndipo aguse waya. La sivyo unaunguza kitu."

"Kwa hiyo mwizi anajua kazi."

"Anaijua nusu." Munene alishika plagi moja akaigeuza. "Ona hapa. Kila plagi ina namba yake, imechapwa kiwandani. Fundi haandiki vikaratasi. Anasoma namba, basi."

Nakhungu alisogeza tochi karibu. Namba ilikuwepo kweli, ndogo kama chawa. Ilimbidi akunje uso ndipo aisome.

"Zile saa za zamani ziko wapi?"

"Stoo, kwenye sanduku. Ijumaa zingeenda Nairobi. Hazikuguswa."

Machale yalimcheza Nakhungu. Mwizi aliyeiacha ndege imefungwa vidonda namna ile hakutaka kuiumiza. Alitaka irudi kama ilivyokuwa. Na alishindwa, au hakutaka, kusoma namba zilizokuwa mbele ya pua yake.

Kapteni Kibiwott alifika saa nne. Alikuwa mzee wa Cheptais, mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na uwanja mzima ulisimama wima alipopita. Alimpa Nakhungu mkono, lakini macho yake yalitua kando ya sikio la inspekta, kana kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine.

"Pole, kapteni. Unafikiri ni nani?"

"Sipendi kumtaja mtu, inspekta. Vitu vya thamani vinavutia watu wengi."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Bungoma, kwa dada yangu Jerop. Tulikuwa kanisani pamoja."

Bado alikuwa akilitazama sikio. Nakhungu aliwahi kuwahoji waongo wa kila namna, na wengi hawakuweza kumkazia macho. Huyu naye hivyo hivyo, akajiambia, na heshima zake zote.

"Hizi skrini ulizipenda?"

"Kampuni ilizipenda. Mimi niliomba waniachie saa zangu. Nilikuwa nimezizoea."

"Na Wabwile? Mtu wa namna gani?"

Hapo kapteni aligeukia lango. "Mtu mwaminifu sana," alisema.

Wabwile alikuwa ameketi sakafuni katika seli ya Kitale, kifua wazi, viatu bila kamba. Nakhungu alichuchumaa mbele yake akamsalimia kwa Kibukusu, kisha wakaendelea kwa Kiswahili, maana Kimaiyo alikuwa akiandika.

"Ndugu yangu, kesho saa tatu ni lazima nikupeleke kwa hakimu. Mali ya namna ile, ni miaka saba. Unanielewa?"

"Naelewa, madam."

"Uliona nani jana?"

"Sijaona mwizi, mimi."

"Sikukuuliza mwizi. Nimeuliza uliona nani."

"Sijaona mwizi, madam."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na hakulibadilisha hata baada ya kuulizwa mara sita. Kimaiyo alipumua kwa nguvu. Nakhungu alijaribu mlango mwingine.

"Mawe ya kando ya uwanja yamepakwa chokaa, yanang'aa kama meno. Nani hupaka?"

"Ni mimi."

"Kila lini?"

"Kila wiki mbili. Kapteni anapenda yawe meupe. Anasema ati yanamsaidia kushuka."

"Tangu lini anapenda?"

Wabwile alivuta miguu karibu. Alitazama viatu vyake, na Nakhungu aliona jasho likimtoka ingawa seli ilikuwa baridi. Huyu mtu hakuogopa kifungo. Alikuwa akimlinda mtu, na jambo hilo lilimkera Nakhungu kupita kiasi, kwa sababu aliyelindwa muda huo alikuwa nje akinywa chai.

"Wabwile ana watoto?" alimuuliza Kimaiyo walipotoka.

"Mmoja, msichana. Mwezi wa tano aliungua na maji moto, nusu afe. Watu wa uwanjani wanasema kapteni ndiye alimkimbiza Nairobi kwa ile jeti, bure."

"Washa gari. Twende Bungoma."

Walipita Kimilili, wakapita Chwele siku hiyo ikiwa ya soko, ng'ombe wamejaa barabarani, na saa tisa walikuwa sebuleni kwa Jerop, mwalimu mstaafu mwenye maneno mengi na chai ya maziwa tele. Nakhungu alimwambia wanauliza tu habari za kapteni. Hakusema zaidi.

"Kaka yangu? Jana alikuja, lakini amechelewa. Ibada ilikuwa imekwisha. Nikamwambia, wewe siku hizi unamkimbia Mungu, bana."

"Na kanisani huwa anasoma somo?"

"Alikuwa akisoma. Sauti yake, mtasikia mpaka barabarani. Lakini tangu Pasaka hasomi. Akiombwa, ati koo linamsumbua. Koo gani, na hapa nyumbani anaongea mpaka chai inapoa?" Jerop alicheka, kisha akapunguza sauti. "Hata barua zake mimi ndiye nasoma. Anasema hana miwani. Nikimwambia anunue, ananikasirikia."

Nakhungu aliweka kikombe chini. "Gari lake lina shida yoyote?"

"Hilo? Amegonga nguzo ya geti mara mbili. Nguzo iko pale tangu tujenge."

"Na jana alileta chochote?"

"Redio mbovu za ndege. Amezifunga kwa blanketi mpya, akaziweka chini ya kitanda cha wageni. Amesema nisiguse, na mimi sijagusa."

Kimaiyo alikwenda chumbani. Aliporudi aliinua vidole vinne. Jerop alimtazama yeye, akamtazama inspekta, na cheko likamkauka usoni. Nakhungu alimwonea huruma, lakini hakuwa na la kumfariji. Skrini zilibebwa kwenye blanketi zile zile.

Jumanne saa mbili asubuhi Kapteni Kibiwott aliitwa kituoni Kitale. Alikuja amevaa sare, tai imenyooka. Nakhungu alimpa kiti, akamsukumia karatasi moja iliyochapwa mezani.

"Hayo ni maelezo yako ya jana, kapteni. Soma, kama ni sawa utie sahihi."

Kibiwott aliinua karatasi. Aliishika kwa muda unaofaa. Aliitikia kwa kichwa mahali panapofaa, akachomoa kalamu.

"Ni sawa kabisa," alisema, akatia sahihi.

"Nisomee mstari wa kwanza."

Kibiwott aliinamisha karatasi, akaitazama kwa pembeni.

"Wa mwisho basi. Wowote."

Kalamu ilibaki hewani.

"Hiyo ni orodha ya vyakula vya kantini, kapteni. Umetia sahihi chini ya maharage."

Sajenti Kimaiyo, aliyesimama mlangoni, hakucheka. Mzee aliiweka karatasi mezani, akaipapasa ukingo wake mpaka ikalingana na ukingo wa meza.

"Skrini zilikuwa kwa Jerop," Nakhungu alisema. "Tumezichukua. Sema."

"Dada yangu hajui chochote."

"Najua. Sema yako."

"Ni katikati ya macho." Aligusa paji la uso. "Pembeni naona vizuri. Nakuona mabega, naona mlango, naona huyo sajenti wako. Nikikutazama usoni, uso haupo. Kuna wingu. Nikitaka kukuona inabidi nitazame kando yako."

Nakhungu alikumbuka sikio lake, akaona aibu kidogo. Alikuwa amemshuku kwa haki, ila kwa sababu isiyo sahihi.

"Tangu lini?"

"Lilianza mwaka jana. Kufikia Machi namba zote zilikuwa zimekwenda."

"Na cheti cha daktari? Kila miezi sita si mnapimwa?"

"Ubao wa herufi kule Nairobi ni ule ule tangu nianze kazi. Nimeukariri kama Baba Yetu."

"Ukarushaje ndege?"

"Kwa sindano." Sauti yake ilipata nguvu, kana kwamba hatimaye ameulizwa jambo analolijua. "Sindano haisomwi, inspekta. Unaona imelala vipi. Ikielekea pale, uko sawa. Ikianguka huku, una shida. Masafa ya redio nilikuwa nayapata kwa kuhesabu mibofyo ya kitufe. Kisha wakaniletea hizo skrini, namba tupu, na Alhamisi mkaguzi aketi kando yangu aniambie nisome. Nikafikiri zikipotea, watarudisha saa za zamani. Zilikuwa bado stoo. Munene nilimtazama wiki tatu akifanya kazi, nikajua kuzichomoa. Nikangoja Jumapili, watu wakiwa kanisani."

"Na vikaratasi?"

"Singeacha plagi hivi hivi. Mtu angekuja kuzichanganya, ndege ikaua watu."

Damu ilimchemka Nakhungu.

"Ndege ikaua watu," alirudia. "Tangu Machi umebeba abiria mara ngapi?"

"Safari thelathini na moja."

"Uliwaambia nini?"

"Wafunge mikanda."

"Na Wabwile ulimwacha alale seli."

"Nilijua hatasema," kapteni alijibu. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa, na machozi yakamdondokea kwenye tai. "Miaka ishirini na tatu ya kuruka, inspekta. Nikishuka kwenye ile ndege mimi ni mzee kipofu wa Cheptais, basi."

"Mwandikie maelezo, sajenti," Nakhungu alisema. "Na umsomee kila neno kabla hajatia sahihi."

Saa tatu kasoro robo alikwenda mwenyewe kufungua seli. Wabwile alipewa shati lake, mshipi na kamba za viatu. Aliketi kwenye benchi akaanza kuzipitisha matunduni, moja moja.

"Amekiri," Nakhungu alimwambia. "Uko huru."

Wabwile aliitikia kwa kichwa. Hakuonyesha furaha.

"Ulijua kuhusu macho yake."

"Nilijua."

"Kwa sababu ya mawe?"

"Hapana, madam. Ni ile siku tulipeleka mtoto Nairobi. Tulikuwa sisi tu, yeye na mimi na mtoto nyuma na mamake. Tukaingia kwa mawingu. Wale wa redio wakampa namba ya hewa, aiweke kwa kidirisha kidogo cha saa ya kimo, ndiyo ajue ardhi iko wapi. Akazungusha, akazungusha. Halafu akaniuliza, Wabwile, ulisoma mpaka darasa gani? Nikasema la nne. Akasema, njoo hapa mbele unisomee."

Nakhungu aliketi polepole kwenye benchi. "Wewe ndiye uliyesoma?"

"Mimi. Nikasoma namba moja moja. Tukashuka salama, mtoto akapona. Tukirudi akaniambia, hiyo maneno ikae kati yetu."

"Ungempandisha mtoto wako tena kwenye ndege yake?"

Wabwile aliacha kamba ya kiatu. Alifikiri kama mtu anayetaka kujibu kwa haki.

"Hapana, madam. Hata siku moja."

"Na watu wa safari zote zilizofuata? Uliwafungulia lango, ukawaona wakipanda. Kwa nini hukumwambia hata mmoja?"

"Hao sikuwa nawajua," Wabwile alisema, akainama akafunga kiatu cha pili.