Alama ya Baba kwenye Chupa

Kila siku Levina alipotoka shule aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akaenda stoo. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza shule ilikuwaje. Shangazi Marcelina alikuwepo, ndiyo, lakini masikio yake yalikuwa ya simu. Aliuza asali mtandaoni kutoka nyumbani kwake Kitete, mjini Tabora, na wateja wa mtandaoni hawajui saa ya kula wala ya kupumzika. Levina alimwamkia, shangazi akaitikia marahaba huku vidole vikiendelea kuandika, na maongezi ya mchana yakawa yameisha.

Stoo ilinukia nta. Ndoo za asali zilipangwa sakafuni, na ukutani kila mrina asali alikuwa na rafu yake. Levina alibandika lebo kwenye chupa zilizokwisha kujazwa, kila lebo ikiwa na jina la mrina, kijiji chake na mwezi aliorina. Jioni shangazi alizipiga picha rafu zote, akailinganisha na picha ya jana, akajua asali ya nani imetoka na ya nani imebaki. Mteja akisifu au akilalamika, lebo ndiyo iliyomwonyesha shangazi pa kuanzia.

Rafu ya juu ilikuwa ya Damas, baba yake Levina na kaka yake shangazi. Kwao ni Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye ile njia ya misafara ya zamani. Mama alifariki Levina akiwa bado mdogo. Msimu wa kurina ukifika, baba alimleta binti yake Kitete, akafunga ndoo kwenye baiskeli na kwenda kambini, ndani kabisa ya misitu ya Sikonge, ambako simu haishiki.

Warina wa huko kila mmoja huchonga alama yake kwenye mizinga yake, ili mtu asirine cha mwenzake. Ya Damas ilikuwa mduara wenye mistari miwili chini, kama kigoda kilichopoteza mguu mmoja. Shangazi alimruhusu Levina kuichora kwenye lebo za baba yake, na Levina aliichora kwa makini ambayo mwalimu wake wa hesabu hajapata kuyaona.

Safari hii, kabla ya kuondoka, baba alimwambia jambo. Kama shangazi angeinunua asali yote ambayo angerudi nayo, fedha zingewatosha, na mvua zikianza asingekwenda tena porini. Wangekaa wote wawili nyumbani Kwihara. Levina aliyabeba maneno hayo kila alikokwenda, hata darasani.

Lakini asali ya Damas ya msimu uliopita ilipendwa mno. Chupa zikapungua, rafu ikabaki tupu. Levina alipoitazama aliona kama baba ameondoka mara ya pili. Usiku alikuwa na kitanda cha peke yake, mchana alikuwa na chupa za kuongea nazo, na sasa hata hizo hazikuwepo. Alilia kidogo, akajifuta kwa sketi ya shule.

Siku hiyo shangazi alikuwa amejaza chupa za asali ya Mhoja, mrina mpya wa Kigwa. Alimwagiza Levina azibandike lebo, kisha akaenda stendi kutuma vifurushi. Levina alishika kalamu. Aliandika Damas, Kwihara. Akachora kigoda. Akaandika tena na tena, mpaka rafu ya juu ikajaa, na moyo wake ukatulia kama mtu aliyepata mgeni nyumbani. Asali si ni asali tu, alijiambia. Shangazi alirudi amechoka, kichwa kimejaa oda, akasahau kwamba chupa alizojaza zilikuwa za Mhoja, akadhani ni za ndoo ya mwisho ya kaka yake, akapiga picha yake ya jioni na kuendelea na simu.

Zikapita siku. Wateja walituma picha za chupa zikiwa mezani kwao Dodoma na Mwanza, na Levina alipoiona alama ya baba yake huko mbali alijisikia hayuko peke yake sana.

Kisha mteja mmoja wa Dodoma aitwaye Batuli akatuma video. Alifungua chupa, povu likafoka na kumwagika kwenye kitambaa cha meza. Asali ilikuwa imechacha. Kesho yake akalalamika mwingine wa Mwanza. Shangazi alikaa kwenye kiti cha stoo, simu mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuandika chochote.

"Lebo zote ni za Damas," alisema. "Amerina masega kabla nyuki hawajayafunika kwa nta, asali ikiwa bado na maji. Mtu ninayemwamini kuliko wote. Akirudi, aipeleke kwingine. Siwezi kuuza asali ya namna hii kwa sababu tu ni ya kaka yangu."

Levina alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Baba yake alikuwa porini, hajui kinachosemwa, hawezi kujitetea. Na kama asali yake ingekataliwa, angerudi tena kambini mvua zikianza. Akinyamaza, baba atachafuka. Akisema, shangazi naye hatamtaka, na katika nyumba hii hakuwa na mwingine.

"Shangazi, si ya baba," alisema. "Ni ya Mhoja. Niliandika jina la baba mimi."

Shangazi aliweka simu kando. Akamuuliza kwa nini.

"Rafu ilikuwa tupu," Levina alisema.

Shangazi hakugomba, na hilo lilimuumiza Levina zaidi. Alimweleza kwamba asali ya mrina mpya huiuza kwanza hapa hapa mjini, kidogo kidogo, ili ikiwa na kasoro airudishe kabla haijafika mbali. Lebo zile za uongo ndizo zilizoipandisha basi la kwenda mbali. Kisha wakafungua chupa zote za rafu ya juu, wakinusa moja moja, na kuziondoa. Shangazi aliwapigia wateja, akaahidi kuwatumia asali nyingine. Kwa Batuli alimpa Levina simu aseme mwenyewe. Levina aliomba radhi na kueleza alivyofanya. Batuli akamshukuru kwa kumwambia ukweli.

"Na mimi nina kosa langu," shangazi alisema walipomaliza. "Unaishi humu, na sijakuuliza siku hata moja kama unamkumbuka baba yako."

Jioni ile simu iliachwa chumbani, nao wakala pamoja.

Damas alirudi amekonda, ananukia moshi, ndoo zikiwa zimebanana kwenye baiskeli. Shangazi aliionja asali, akaikubali yote. Ndipo Levina akamwambia baba yake kila kitu, bila kuficha. Damas alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, alama yangu naichonga kwenye mzinga wangu tu," alisema. "Nikiichonga kwenye mzinga wa mwingine, asali ikiwa nzuri nimemwibia, ikiwa mbaya nimejichafua. Jina la mtu haliandikwi pale ambapo hakufanya kazi, hata kwa kumpenda. Ukinikumbuka, sema. Kukumbuka si kosa."

Levina aliitikia kwa kichwa. Kisha akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachukua kalamu na kuketi karibu na baba yake, akaanza kuchora kigoda kwenye lebo ya kwanza. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya, na safari hii hakuyaogopa.