Mdomo wa Mama Nyiramana

Kila Jumapili baada ya misa, Emérita alipanda cheo. Siku nyingine alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita pale Mweso, mchota maji na mvunja vikombe. Jumapili alikuwa mdomo wa mama yake. Mama Nyiramana alikuwa kiziwi tangu utotoni na hakusema. Alizungumza kwa mikono, na mikono hiyo Emérita aliielewa kuliko kitabu chochote cha shule.

Walikwenda pamoja sokoni, kwenye kabine ya simu ya Mama Kavuo, mfanyabiashara kutoka Butembo, kungoja simu ya Papa Straton. Papa alibeba mizigo ya madini kutoka msitu wa Bisie hadi Njingala, na kila aliposhuka Njingala alipiga. Tangu vita vifunge barabara hakuwa amerudi nyumbani. Emérita alikuwa ameanza kusahau jinsi Papa anavyocheka, na jambo hilo lilimtisha kuliko milio ya risasi.

"Mufanye haraka," alisema Mama Kavuo. "Mazungumuzo ya mikono inakula dakika mara mbili, na hata kupokea simu hapa munalipa."

Simu ililia. Sauti ya Papa ilijaa kabine nzima.

"Emérita, muulize mama yako. Barabara iko mubaya, lakini watu wamoja wanapita. Nikuje, ao ningoje?"

Emérita aliuliza kwa mikono. Mama alifumba macho kidogo, kisha akajibu polepole: Ngoja. Usipite mpaka barabara itulie.

Emérita aliutazama uso ule, akaiona hamu iliyojificha humo. Kwa hekima yote ya miaka kumi na miwili, akaamua kwamba mikono ya Mama imekosea.

"Anasema ukuje," alisema.

"Njo maneno yake mwenyewe?"

"Njo yake, Papa."

"Basi nitakuja."

Akamgeukia Mama na kumwambia kwa mikono kwamba Papa amekubali. Uongo ule haukuwa kamili, maana Papa kweli alikuwa amekubali, ila alikubali kuja.

Jumapili iliyofuata aliyepiga simu alikuwa Jacques, mbebaji mwenzake Papa.

"Straton ameshaondoka," alisema. "Si mama yako njo alimuita? Na leo tunasikia wanapigana mbele ya Kibua, kwa barabara ya kuja kwenu."

Mama Kavuo aliweka chini kalamu yake. Mama Nyiramana aliwatazama wote wawili, akauliza kwa mikono: Nini? Emérita alimweleza yote, bila kuficha.

Mama hakumpiga. Aliketi juu ya gunia la maharagwe, akaitazama barabara. Emérita angependa zaidi apigwe.

"Weye mutoto," alisema Mama Kavuo, "ulisema maneno ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa na hamu ya Papa."

Mama Kavuo hakupoteza muda kwa kugomba. Alimpigia kila mwenye duka aliyemfahamu kati ya Walikale na Kibua, akamweleza sura ya Straton na kikoti chake cha kijani. Jua lilikuwa limeinama wakati duka moja la Kibua lilipojibu.

"Iko hapa. Anakunywa chai, alafu anataka aendelee."

"Mumushike. Bibi yake anataka kusema."

Kisha alimkalisha Mama Nyiramana mbele ya binti yake. "Kile mikono inasema, mudomo useme. Yote. Hata kama inakuchoma."

Mikono ya Mama ikaanza.

"Straton, mimi nilisema ungoje. Mutoto wetu alikudanganya."

Mikono iliendelea, na Emérita akaifuata neno kwa neno.

"Kila jioni ninatenga sahani yako, kisha ninawagawia watoto. Nataka ukuje. Lakini nataka ukuje muzima. Ngoja Kibua."

"Nitangoja," alisema Papa, kwa sauti iliyokwaruza.

Simu ilipokatwa, Mama alimshika Emérita kidevu ili macho yao yakutane. Mwanangu, alisema kwa mikono, sauti ni yako, lakini ukinikopesha, maneno ni yangu. Usiyaongeze, usiyapunguze, hata kwa huruma. Ya kwako yaseme kwa jina lako.

Wiki ile Mama Kavuo aliwakusanya wenye kabine wote wa soko, wakaweka sheria. Kila anayepiga simu ataongeza kidogo, ili muda wa ziada wa viziwi na wasioweza kusema usiwe mzigo wao. Na mtu anayesemea mwenzake atasema yote, la sivyo hatasemea tena.

Jumapili Papa alipiga kutoka Kibua. Mama alisema yake mpaka mwisho bila kuharakishwa. Ndipo Mama Kavuo akasogeza simu.

"Sasa sema ya kwako."

"Papa," alisema Emérita, "huyu ni mimi. Ni mimi mwenyewe niko na hamu yako. Lakini ungoje."