Vidole Usoni mwa Kaneza

Kila asubuhi Kaneza aliamka ukungu ukiwa bado bondeni, akachukua ndoo zake mbili na kwenda kupanga foleni bombani. Kambi ya wakimbizi ya Lukole, huko Ngara, ilikuwa na watu wengi kama mji mzima, na asiyewahi bombani alirudi na ndoo tupu. Akishateka maji alikoroga uji wa unga wa mgawo, akaenda shule, na mchana akarudi kuchambua maharage. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Tangu avuke kutoka Burundi, miaka mitatu iliyopita, aliishi na Felisita, dada wa baba yake, ambaye kwa Kirundi alimwita Senge, yaani shangazi.

Basi, katika maisha hayo ya kila siku ndipo uso wa Kaneza ulipoanza kuharibika. Ilianza chunusi moja chini ya jicho, ikageuka kidonda. Kikaja kingine shavuni, kingine kidevuni, vingine kwenye paji la uso. Vilikuwa vidogo, kila kimoja kama punje ya mtama, lakini havikuacha kuwa vibichi. Vikikauka leo, kesho vimefunguka. Vile vichache vilivyopona viliacha madoa meusi na vishimo. Alipoulizwa nani anamkwaruza, Kaneza aliapa kwamba hajui, na kwa kweli hakuwa akidanganya.

Vidonda hivyo vilikuja mchana, saa ile Senge anapokwenda kutafuta kuni na kambi inapotulia. Kaneza aliketi ndani ya kibanda, ungo mapajani. Jua lilipenya turubai la buluu, na kila kitu ndani kikawa na rangi hiyo: sufuria, mkeka, hata mikono yake. Ilikuwa kama kukaa chini ya maji. Alichambua maharage, mawazo yakamchukua mbali, na huko mbali alikokuwa alisikia vidole vikimpapasa uso. Vilikwenda polepole, kama vinatafuta kitu. Alipozinduka hakuona mtu, ila damu ilikuwa inamchuruzika shavuni.

Moyoni alijua ni vidole vya nani. Mdogo wake Irambona alikuwa na miaka mitano, na hakuweza kulala bila kumshika dada yake usoni. Mto Ruvubu ulimchukua siku ile walipovuka, na hata mwili wake haukuonekana. Kaneza aliogopa, mwili ulimsisimka kila mara, lakini tuseme ukweli: aliisubiri saa ile ya mchana. Mtu akimpenda nduguye sana, hata mzuka wake anautamani.

Kambini siri haikai. Wenzake shuleni walianza kumkwepa. Bombani, mama mmoja alimvuta mwanawe kando akanong'ona kwamba yule msichana anaguswa na wafu. Lisemwalo lipo, wakaitikia wengine. Felisita aliyasikia hayo. Alikuwa mtu wa Misa kila Jumapili, ila hofu ikimwingia mtu haimuulizi dini yake. Alipomkuta Kaneza na damu mbichi kidevuni, alimketisha akamuuliza kwa upole, na Kaneza akamwambia kwamba Irambona huja kumshika.

Felisita hakumgombeza. Alijitupia kitenge begani akaenda kwa Mzee Sindayigaya, ambaye huko kwao alijulikana kwa kuwatenga wafu na walio hai. Mzee alisema mtoto aliyekosa kaburi ameugeuza uso wa dada yake kuwa mlango, na mlango huo hufungwa kwa utomvu wa mnyaa. Huo ni ule mti wa uani ambao kila mtoto wa Ngara hukatazwa kuuvunja, maana maziwa yake meupe huunguza ngozi na kupofusha macho. Siku ya Ijumaa angedondosha tone moja kwenye kila kidonda, Irambona aende zake asirudi.

Kaneza aliposikia hayo alikosa raha kabisa. Aliogopa kuunguzwa uso, nani asingeogopa? Lakini lililomuumiza zaidi ni kwamba mdogo wake angefukuzwa kama mbwa.

Jumatano ilikuwa siku ya kuhesabiwa. Wakimbizi wote waliingizwa ndani ya uzio, na kila mmoja akachovywa kidole katika dawa ya zambarau, inayofanana na ile GV ya kupaka vidonda zahanati, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Karani alimshika Kaneza mkono wa kulia, akamchovya kidole cha shahada. Kaneza alipouvuta mkono, dawa ikamtiririkia hadi kwenye kidole gumba. Kadi ya Felisita ilikuwa na kasoro, naye akaambiwa asubiri. Kaneza akarudi peke yake, jua kali, mkono ukiwa na jasho na dawa haijakauka.

Kambi ilikuwa tupu. Hakusikia mtoto akilia wala mchi ukitwanga, maana watu wote walikuwa kwenye uzio. Vibanda vilikaa safu kwa safu, milango wazi, kama vya watu waliohama. Kaneza aliingia kwao, akaketi katika ule mwanga wa buluu, akafumba macho. Vidole vikaja. Vilianzia kwenye paji la uso, vikateremka chini ya jicho, vikaenda shavuni, vikafika kidevuni. Siku hiyo vilikaa sana.

"Irambona," akanong'ona, "usiende."

Vilipoacha, alichukua kipande cha kioo cha Senge akajitazama. Kila kidonda usoni mwake kilikuwa na alama ya zambarau.

Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba hata Irambona amehesabiwa. Amesimama kwenye foleni kama watu, amechovywa kidole! Kaneza alikimbilia mlangoni akaitazama njia yote hadi mwisho, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu avuke mto. Njia ilikuwa tupu. Akarudi kwenye kioo, akatazama vizuri zaidi.

Alama zilikuwa mbilimbili, moja nyembamba na moja pana, kama mtu aliyefinya. Hazikuwa alama za vidole vya mtoto wa miaka mitano. Kaneza aliinua mkono wake wa kulia taratibu, akaweka kidole cha shahada kwenye alama iliyo chini ya jicho. Ikatosha. Akaweka gumba kwenye ile ya pili, nayo ikatosha. Akajaribu za shavuni na za kidevuni, zote zikatosha. Akaketi chini, baridi ikamwingia mwilini katika joto lile la mchana. Muda wote ule hakuna aliyekuwa akija.

Felisita aliporudi na kumwona, alipiga ishara ya msalaba. Alisema Irambona amekuja kuhesabiwa, sasa anataka kukaa kabisa, na Ijumaa ni mbali mno. Akatoka mbio kumwita Mzee Sindayigaya. Kaneza alikuwa na nafasi ya kusema, akanyamaza. Akisema, Irambona atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa kinywa chake. Asiposema, ataungua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mtoto mwenye uchungu hakumbuki ya wahenga.

Mzee aliingia na tawi bichi la mnyaa. Maziwa meupe yalidondoka, tone kwa tone, kwenye kifuniko cha kopo, na harufu yake ikawasha macho. Alimwambia Kaneza afumbe macho asiyafumbue. Felisita alimshika kichwa. Mzee alichovya kijiti, akakisogeza kwenye kile kidonda cha chini ya jicho.

"Senge, ni mimi," Kaneza akasema.

Kijiti kikasimama hewani.

"Ni mkono wangu. Irambona haji. Hajawahi kuja."

Akauinua mkono wake, akaweka vidole vyake vya zambarau juu ya alama za zambarau, moja baada ya nyingine, ili wote waone. Kisha akatoa lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku ile mtoni nilimshika kwa mkono huu. Maji yakamvuta. Mkono huu ndio uliomwachia."

Felisita alimkumbatia. Mzee Sindayigaya alivitazama vidole vile. Kisha akaumwaga utomvu nje, akaufukia kwa udongo. "Kazi yangu ni ya wafu," akasema. "Hapa namwona mtoto aliye hai anayejiumiza. Kesho mpelekeni zahanati."

Kesho yake walimkuta Modestus, tabibu mwenyeji wa kijiji cha Murukulazo, ambaye kambini kila mtu alimwita daktari. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza habari yote mpaka mwisho bila kucheka. Alisema huo si ukaidi wala si mizimu. Ni maradhi. Huzuni isiposemwa hutafuta pa kutokea, na kwa Kaneza ilitokea vidoleni bila yeye kujitambua.

Felisita aliuliza kama makovu yatatoka. Modestus hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema madoa meusi hufifia kwa miezi mingi, jua likizuiwa, na zipo dawa za hospitali za kupaka. Kovu lililovimba huchomwa sindano, na vishimo, katika hospitali kubwa za ngozi, hupunguzwa kwa dawa ya kubandua ngozi ya juu au kwa kukwanguliwa kwa kifaa. Hata hivyo si makovu yote huisha. Zile krimu za sokoni za kung'arisha ngozi aliwakataza kabisa, kwani huila ngozi yenyewe.

"Ila hakuna dawa hata moja itakayoshinda vidole," akamwambia Kaneza. "Tutaanza na hivyo. Dawa nyingine zitafuata."

Basi wakaanza. Kucha zilikatwa fupi. Vidonda vilioshwa kwa maji safi na sabuni, vikapakwa vaselini na kubandikwa plasta, ili vidole vikija visipate pa kushika. Kila Jumatatu alikwenda kwa Modestus kuongea habari za Irambona tu. Mchana hakukaa tena peke yake kwenye ule mwanga wa buluu. Felisita alimfundisha kusuka vikapu, wakaketi pamoja nje kivulini, Kaneza amejitanda mtandio. Mara nyingine mkono ulitoroka, na Kaneza akaenda mwenyewe kumwambia Senge kabla hajaulizwa. Miezi ikapita. Vidonda vikafunga, madoa yakafifia, wenzake wakarudi kucheza naye. Vilibaki vishimo viwili, na Modestus akamwandikia barua ya hospitali ya ngozi, safari itakapowezekana.

Ikafika Siku ya Marehemu Wote. Katika Misa ya kambini padri alisoma majina ya waliokosa kaburi, na Felisita alikuwa amempelekea jina la Irambona. Lilipotajwa, mkono wa Kaneza ulipanda taratibu kuelekea shavuni. Felisita aliudaka, akauweka kati ya mikono yake.

"Ungeninyamazia siku ile, ningekuunguza mimi mwenyewe kwa kukupenda," akamwambia kwa sauti ya chini. "Umesema kweli, ukatuponya sote wawili. Sasa mlilie ndugu yako, mwanangu. Wafu huliliwa kwa machozi. Hawadai ngozi ya mtu."

Tangu mtoni Kaneza hakuwahi kumlilia Irambona. Siku hiyo alilia mpaka Misa ikaisha, na Senge hakuuachia mkono wake.