Mchanga Ndani ya Tairi

Pale gereji kila kitu kilipigwa. Rimu iliyopinda ilipigwa nyundo. Tairi likigoma kutoka lilipigwa mateke. Redio ikianza kukoroma ilipigwa kofi, ikaimba. Na msichana aliyelelewa na mwenye gereji, naye alijifunza mapema kukaa mbali kidogo na mkono wa mjomba wake.

Kila akitoka shule alivua sare, akavaa suruali kuukuu, akaenda kumsaidia Mjomba. Alishika taa, alipanga nati kwenye kopo zisipotee. Alikuwa mdogo na mgumu kama hizo nati, basi watu wakamwita Nati.

Mle ndani kulikuwa na mashine ya balansi. Tairi huwa halina uzito sawa pande zote, na gari likikimbia, ule upande mzito unatikisa usukani. Mashine inalizungusha tairi, inaonyesha pa kubandika kipande cha risasi kwenye rimu, pande zinalingana, kazi imeisha. Siku moja mashine ikakwama. Mjomba akaipiga nyundo. Haikukwama tena. Ilikufa.

Wiki hiyohiyo Mjomba akaona kwenye simu mtu anamimina shanga ndogo ndani ya tairi la lori. Mtu yule alisema shanga zinakimbilia zenyewe upande mwepesi, tairi linajisawazisha.

"Umeona?" Mjomba akacheka. "Mashine ya nini tena? Nilikuwa nalisha kupe!"

Shanga hakuwa nazo. Lakini nyuma ya gereji waashi walikuwa wameacha rundo la mchanga. Akachekecha, akawa anatia kikombe kimoja kila tairi.

Siku moja lilirudi tairi lenye pancha. Nati akalichungulia, akaita, "Mjomba, hebu tazama. Mchanga umeganda wote upande mmoja. Umelowa. Nadhani ni kompresa, inajaza upepo na maji."

Mteja alikuwa amesimama palepale. Mjomba alimwangalia mteja, akamwangalia Nati, halafu akamzaba kofi hadi sikio likalia kengele.

"Fundi hapa nani?"

"Wewe, Mjomba."

"Basi funga mdomo."

Nati akaufunga.

Miongoni mwa waliotiliwa mchanga alikuwa dereva mmoja wa teksi, baba yake Kifaru, kijana aliyesoma darasa moja na Nati. Dereva alirudi kulalamika kwamba usukani unatetemeka. Mjomba akamwambia, "Wewe unaendesha kama bibi harusi. Tia mwendo, mchanga utajipanga, utatulia."

Dereva akatia mwendo. Usukani ukatetemeka zaidi, ukamchomoka mikononi. Teksi iliruka mtaro ikagonga ukuta. Kioo cha mbele kikammiminikia usoni, mkono wa kushoto ukavunjika. Bahati yake, hakuwa na abiria.

Kesho yake asubuhi, uwanjani shuleni, mvulana mmoja alianza kuyumbayumba akishika usukani wa hewani. "Mimi baba yake Kifaru! Nimeshiba pombe! Ukuta, nipishe!"

Watoto wakacheka. Kifaru alimrukia, akamwangusha chini, akamshindilia ngumi za mdomo mpaka damu ikaingia kwenye kola. Nati akamvuta shati kwa nyuma. Kiwiko kikampata puani.

"Niache! Baba yangu hanywi!"

"Najua hanywi," Nati akasema, ameshika pua.

Kifaru akageuka, anahema. "Unajuaje?"

Nati akarudi nyuma hatua moja.

"Nati, nakuuliza. Unajuaje?"

Akakimbilia bombani kunawa damu. Kutwa nzima hakusikia mwalimu anafundisha nini. Angesema, Mjomba angemfukuza, na nyumba nyingine hakuwa nayo. Asingesema, baba wa mwenzake angebaki mlevi midomoni mwa watu, na magari mengine yalikuwa barabarani na mchanga uleule.

Mchana alikuta teksi imevutwa hadi gereji, pua imebonyea. Kifaru na baba yake walikuwepo, Dereva amefungwa plasta mkononi. Mwenye teksi, ambaye Dereva alimwita Tajiri, alikuwa amemkunja shati.

"Ulikunywa nini?"

"Sinywi, Tajiri. Usukani ulini..."

Kofi lilimkatisha. Akaangukia rundo la matairi kwa ule mkono uliovunjika, akapiga yowe.

Tajiri akamgeukia Mjomba. "Fundi, balansi umefanya wewe. Tairi zangu zilikuwa na kasoro?"

Mjomba alijifuta mikono kwenye kitambaa, pole pole, kidole kwa kidole. "Zilikuwa safi. Mwendo tu huo."

"Mwendo uliniambia wewe!" Dereva aliinuka, spana ya magurudumu mkononi. Mjomba akadaka nyundo.

Spana ilipiga meza, makopo yakaruka, nati zikatapakaa sakafuni. Nyundo ikapita jirani na kichwa cha Dereva ikatoboa bati. Spana ikarudi, ikampasua Mjomba juu ya jicho. Damu ikamfunika uso, akawa anapiga bila kuona. Tajiri alitaka kuwaamua, akala goti la tumbo, akakunjika. Kifaru akaokota jiwe.

"Ndani ya tairi kuna mchanga!" Nati akapiga kelele. Nani amsikie? "Acheni! Mtauana!"

Akaangaza huku na huku. Akaikimbilia kompresa, akajipenyeza chini ya tangi, akafungua koki ya kumwagia maji yanayojikusanya ndani.

Tangi lilinguruma kama linapasuka. Upepo na maji ya kutu vikafumuka, vikawapiga wale wanaume miguuni. Wote wakaruka nyuma. Maji yaliendelea kutoka, mekundu, mengi, yakatengeneza dimbwi katikati yao.

"Haya ndiyo yanayoingia kwenye tairi," Nati akasema. Alitoka chini ya tangi, akasimama. "Na ndani Mjomba ametia mchanga. Ukilowa unaganda upande mmoja, tairi linakuwa bovu kuliko mwanzo. Nilimwambia, akanipiga. Mjomba, nipige tena ukitaka. Lakini kwanza lifungue tairi."

Mkono wa Mjomba ulikuwa tayari juu. Kifaru akaja akasimama mbele ya Nati, jiwe bado mkononi. Ule mkono ukabaki hewani.

"Fungua," Tajiri akasema, ameshika tumbo.

Mjomba alifungua tairi la mbele. Mle ndani mchanga ulikuwa umejibandika mahali pamoja, donge gumu kama kiota cha nyigu.

Dereva hakumtazama Mjomba. Alimtazama Tajiri. Tajiri akainamisha macho. "Nimekupiga bure, bwana," akasema. "Tena umeumia. Nisamehe."

Ungedhani Mjomba atakubali. Wapi! "Ni maji tu," akang'ang'ania. "Mkavu ungefanya kazi."

Basi akaukausha mwingine kwenye bati la moto, akautia kwenye matairi ya pikapu yake mwenyewe, jicho limevimba. Tajiri akakaa pembeni yake kushuhudia, wakaingia barabarani. Walirudi pikapu inacheza kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mjomba alishuka, akakaa juu ya tairi.

"Mwendo mdogo, unatetemeka," akasema. "Ukikimbia unatulia kidogo. Ukikanyaga breki, au ukiingia shimo, mchanga wote unamwagika ovyo, usukani unakupiga ngumi upya. Zile shanga za malori sizijui, pengine zina kazi yake kule. Ila mchanga kwenye gari dogo, hapana. Nimejidanganya, nikawauzia uongo wangu."

Akamgeukia Dereva. "Nitalinyoosha gari hili bure. Na kesho nitapita kila kijiwe cha teksi, niseme mwenyewe kwamba hukulewa, na kila niliyemtilia mchanga aje niutoe."

"Anza na shuleni," Kifaru akasema.

"Nitaanza na shuleni."

Na asubuhi alikwenda kweli, na lile jicho lake la zambarau, akasimama mbele ya darasa. Aliyekuwa akimwigiza Dereva hakujua aangalie wapi.

Mashine ya balansi ilipata fundi wake, ikapona bila kupigwa. Siku ilipozungusha tena tairi, Mjomba alimwita Nati karibu. Nati alikuja, akasimama mbali kidogo, kama kawaida yake. Mjomba akaiona ile nafasi iliyobaki katikati yao.

"Mjomba," akamwita, kama wajomba wanavyowaita wapwa wao wakiwa na mapenzi. "Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia la mdogo, je? Huyo huvunja mkono wa mwenzake. Wewe uliniambia kweli mapema, nikakupiga, na kofi lile ndilo lililogonga ukuta. Ukiona kosa hapa, sema. Nikikasirika, sema tena. Mkono huu hautakugusa."

Redio ikaanza kukoroma. Mjomba akainua kiganja. Akakitazama, akakishusha.

"Hebu nipe bisibisi," akasema.

Nati akasogea karibu, akampa.